Siku Kumi na Mbili Kabla ya Mvua: Kutoka Busia hadi Arua

Mpwa wangu anayeishi Ottawa, nchini Kanada, aliniandikia katikati ya Februari akinieleza jinsi wakazi wa mji wake wanavyomaliza majira ya baridi. Wana tamasha liitwalo Winterlude, lililoanza mwaka 1979, na wana mfereji wa Rideau ambao ukiganda hugeuka uwanja wa kuteleza wenye urefu wa kilomita 7.8. Akaongeza kwamba katika baridi ya kuingia mwaka 2023 barafu haikukomaa, na kwa mara ya kwanza tangu uwanja huo uanzishwe, haukufunguliwa hata siku moja. Kisha akauliza, "Mjomba, na ninyi huko mwisho wa baridi mnafanya nini?"

Baridi hatuna. Tulicho nacho ni kiangazi, ambacho kwetu kusini mwa Uganda huanza Desemba na kuisha Machi, na kule kaskazini huchelewa zaidi. Wiki zake za mwisho ndizo zenye shughuli nyingi za kijiji na za mtaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kwa sababu kila kitu ambacho mvua itakizuia lazima kiwe kimekamilika. Kwa kuwa nilikuwa na safari ya kwenda Arua kumwona binti yangu aliyejifungua, na kwa kuwa mimi ni fundi wa pampu za visima niliyezoea kuandika daftari la kazi kila jioni, niliamua kumjibu mpwa wangu kwa daftari hilo.

Jumatatu, 26 Februari. Busia

Nilipaswa kuondoka jana, nikachelewa kwa ajili ya chemchemi. Kijiji chetu kiko upande wa Majanji, na chemchemi tunayoitegemea ilijengewa ukuta zamani, ukuta huo ukapasuka, maji yakaanza kupita chini yake, na ng'ombe wakaanza kunywea pale pale wanapochotea watoto. Mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, aliita kazi ya pamoja ya siku tatu, kuanzia Jumamosi. Kila kaya ilitakiwa kuleta mtu mmoja mwenye nguvu au ndoo kumi za mawe. Kaya zenye watu waliokwenda kuvusha mizigo mpakani zilileta mawe, na nyingine zilileta maneno, kama ilivyo kawaida.

Watu hudhani kwamba kazi hizi hufanywa kiangazi kwa sababu mkulima amepumzisha jembe. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba chemchemi husema ukweli mwishoni mwa kiangazi tu. Mwezi wa Mei kila ufa wa kilima hutiririsha maji, na ukijenga mbele ya ufa wowote kati ya hizo, Februari utabaki na ukuta mzuri usiotoa hata tone. Kwa hiyo tulifukua taratibu, tukafuata maji yaliyobaki hadi kwenye jicho lenyewe, nalo tukalikuta hatua nne kushoto kwa mahali wazee wetu walipojenga. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ukuta wa kwanza haukudumu.

Nyuma ya ukuta mpya tulipanga mawe makubwa yaliyooshwa, kisha madogo, juu yake karatasi ya nailoni, halafu udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa na vijana kwa miguu mpaka ukashikana, ili maji machafu ya juu yasipenye na kuchanganyika na maji ya chini. Tulichimba mtaro wa kuyageuza maji ya mvua, na mtaro mwingine wa kuondoa yanayomwagika. Juu tulipanda nyasi za kushika udongo. Mama mmoja alituuliza kuhusu choo kilichoko upande wa mlimani. Tulipima kwa hatua, tukapata mita zaidi ya 30, tukashusha pumzi.

Swali gumu lilikuwa nani ataumwagilia ukuta. Saruji hukomaa ikiwa na unyevu, na ikiachwa kwenye jua la Februari bila maji kwa wiki nzima hupasuka kama midomo ya mtu mwenye homa. Kamati ilitaka kupanga zamu, na zamu za kwetu nazifahamu. Bibi mmoja alitoa suluhisho ambalo mimi, kwa miaka yangu yote ya ufundi, sikuwahi kulifikiria: kila mtoto anayekuja kuchota amwagie ukuta kikombe kimoja kabla ya kujaza jerikeni yake. Shule zimefunguliwa, watoto hupita asubuhi na jioni, na hakuna zamu ya kukumbushana. Nimeondoka nikiwa na wasiwasi wa jambo moja tu, yaani zile nyasi, kwa kuwa uzio wa miiba haukuwa umekamilika.

Jumanne, 27 Februari. Busia hadi Jinja

Bodaboda alinifikisha kwenye kituo cha teksi saa moja asubuhi. Kila ninapopanda chombo hicho mjini kwetu hukumbuka kwamba jina lenyewe lilizaliwa hapa, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya huku wakiita "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Sasa jina limeenea Afrika Mashariki yote, na sisi wa Busia hatujalipwa hata senti.

Njia ya Bugiri na Iganga ilikuwa na vumbi na moshi wa mashamba yanayosafishwa. Jinja nilifikia Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi zilizojengwa wakati wa viwanda, kwa rafiki niliyefanya naye kazi ya mabomba. Mtaa huo umekusanya watu wa makabila mengi kiasi kwamba Kiswahili ndicho kinachotumika ugomvi unapokuwa mkubwa na mapatano yanapokuwa muhimu.

Jioni rafiki yangu alinipeleka ziwani, upande wa Masese, ambako vijana wa mtaa walikuwa wakivuta magugu maji kwa reki na kamba. Gugu hilo liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba kila ghuba, na hata baada ya kuletwa wadudu wa kulila halijaisha. Mvua kubwa inapokuja, vipande vyake huungana na mimea mingine na kuwa visiwa vinavyoelea. Mwezi wa Aprili 2020 kisiwa kimoja cha namna hiyo kilifika hadi kwenye mitambo ya umeme hapa Jinja na kuiacha nchi nzima gizani. Vijana hao hawakuwa wakifikiria umeme. Walitaka sehemu ya kuegesha mitumbwi kabla upepo wa Machi haujaanza kuyasukuma magugu ufukweni. Walifanya kazi saa mbili, wakaoga, wakacheza mpira kwenye mchanga waliousafisha. Wafanyabiashara wa samaki walichanga sukari na mandazi. Sikuona mgeni rasmi wala kitambaa chenye maandishi, na hilo lilinifurahisha.

Jumatano, 28 Februari. Jinja hadi Kampala

Safari ya kilomita 80 ilichukua saa nne kwa sababu ya malori. Msitu wa Mabira ulikuwa umechakaa kwa vumbi pembeni mwa lami, na pale Najjembe nilinunua gonja, yaani ndizi za kuchoma, na kijiti cha kuku kupitia dirishani, kama kila msafiri mwenye akili.

Usiku dada yangu wa Bwaise alinichukua kwenye kikao cha harusi. Kwa msomaji asiyejua desturi hii: wiki kadhaa kabla ya harusi, marafiki, majirani na watu wa kazini hukutana kila wiki chini ya mwenyekiti na mweka hazina, bajeti husomwa kwa sauti, kila mmoja hutaja ahadi yake mbele ya wenzake, na wiki inayofuata huulizwa mbele ya wenzake hao hao. Mimi, niliyefika kula chakula cha dada yangu, nilijikuta nimeahidi shilingi 30,000 kwa bwana harusi ambaye sikuwahi kumwona. Kiangazi ndicho msimu wa mambo haya kwa sababu mahema na viti hukodishwa bila hofu ya matope. Nina malalamiko juu ya vikao hivyo, na dada yangu aliyajibu kwa kunikumbusha kwamba kundi lile lile la wanawake, wanaojiita kwa Kiganda munno mukabi, yaani mwenzako katika dhiki, ndilo lililoleta masufuria, magodoro na kuni tulipomzika mumewe. Nikalipa nusu ya ahadi papo hapo.

Alhamisi, 29 Februari. Bwaise

Tarehe ambayo huja mara moja katika miaka minne niliitumia ndani ya mtaro.

Buganda ina desturi ya zamani ya kazi ya umma iitwayo bulungi bwansi, maana yake wema wa nchi, na ngoma ya kuiitia ilikuwa na mlio unaotafsiriwa na wenyewe kuwa "saagala agalamidde", sitaki mtu aliyejilaza. Leo ngoma haikupigwa. Saa kumi na mbili asubuhi vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo ya mtaa, ambavyo kwa kawaida hutangaza watoto waliopotea na bei ya nyanya, vilianza kuita watu kwa majina. Kuitwa kwa jina kuna nguvu kuliko ngoma, kwa kuwa majirani wote husikia nani hajatoka. Mtaa ulichagua Alhamisi kwa sababu Jumamosi na Jumapili ni za harusi na mazishi.

Bwaise iko bondeni. Kilichokuwa kinamasi kimekuwa nyumba, na maji ya vilima vinavyozunguka hayajui njia nyingine. Kila mkazi hapa anaweza kukuonyesha ukutani alama ya kimo ambacho maji yalifikia, na wengine wameinua vitanda vyao juu ya matofali moja kwa moja, bila kusubiri msimu. Tuliingia kwenye mtaro tukiwa watu kama 60, wenye koleo, reki na mifuko ya gunia. Tulichotoa kilikuwa chupa za plastiki, mifuko ya nailoni, mchanga, viatu visivyo na wenzao, na godoro zima ambalo lilihitaji watu wanane.

Kosa la kazi hii nimeliona mara nyingi, nalo lilijirudia. Taka hutolewa kwa bidii kubwa, hurundikwa ukingoni, watu hupiga picha, gari la kuzichukua huahidiwa, na kama mvua ikitangulia gari, taka zote hurudi mtaroni usiku mmoja. Nililisema hilo kwa mwenyekiti, nikitarajia kuambiwa nikae kimya kwa kuwa ni mgeni. Alinijibu kwa heshima, "Mzee, ndiyo maana tumeanza Februari. Gari likichelewa wiki mbili, bado tuna siku." Baadaye niliona vijana wa kununua chuma na plastiki chakavu wakizichambua chupa kwa kilo, na kufikia saa tisa robo ya rundo ilikuwa imeshaondoka bila gari lolote. Mchanga nao ulichukuliwa na mama mmoja anayejenga choo.

Ijumaa, 1 Machi, na Jumamosi, 2 Machi. Bombo

Bombo ni kilomita 35 hivi kaskazini mwa Kampala, na ndipo ninapojisikia nyumbani kuliko mji mwingine wowote ulio nje ya Busia, kwa sababu unaweza kuishi wiki nzima kwa Kiswahili bila mtu kukuuliza kama wewe ni mwanajeshi. Watu wengine wa Uganda bado wanakihusisha Kiswahili na bunduki. Hata uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022, wa kukipa nafasi rasmi na kukiingiza shuleni kwa lazima, haujalifuta wazo hilo. Wenyeji wa Bombo, Wanubi, wana haki ya kucheka. Babu zao walikuwa askari wa Sudani waliobaki baada ya kuondoka kwa gavana wao Emin Pasha, wakaletwa na Kapteni Lugard, Mwingereza, mwaka 1891, na mji ukakua kando ya kambi. Katiba ya mwaka 1995 imewataja miongoni mwa jamii za asili za Uganda. Nyumbani huzungumza Kinubi, na wakikutana na mgeni hugeukia Kiswahili bila kukatiza sentensi.

Zimebaki siku kumi hivi Ramadhani ianze, na hilo limeongeza kasi juu ya kasi ya kiangazi. Baada ya sala ya Ijumaa wanaume walibaki kuosha mazulia ya msikiti, kuyatandaza juu ya uzio, kupaka chokaa ukuta wa kutawadhia na kubadilisha bomba mbili zilizokuwa zikivuja, kazi ambayo bila shaka niliangukiwa nayo mimi. Hajati mwenye nyumba niliyofikia alikuwa barazani na wanawake saba wakisuka tabaka, yale mafuniko ya chakula ya rangi nyingi ambayo kila nyumba ya Kinubi hujivunia. Nyuzi huloweshwa, hufungwa kwa kuzungushwa kutoka katikati, na rangi hupangwa kwa kichwa bila mchoro. Nilimwuliza inachukua muda gani kumaliza moja. "Inategemea habari zilizopo," alijibu, na wenzake wakacheka. Alieleza kwamba wao hukaa pamoja siku za Ijumaa kwa sababu kisanduku chao cha akiba hufunguliwa siku hiyo: kina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu wasioishi nyumba moja, na fedha za Ramadhani, za sukari, tende na nguo za watoto, hugawiwa wiki hii.

Jumamosi ilikuwa harusi, mojawapo ya harusi nne katika mji mmoja, maana hakuna atakayeoa ndani ya mfungo. Wanawake walivaa gurbaba, vazi lao la Kinubi, wakapiga doluka kuanzia alasiri. Ngoma hiyo haina haraka: wachezaji husogea kwa hatua fupi, mabega yakijibu kabla ya miguu, na wimbo huweza kumsifu bibi harusi na kumsema jirani katika ubeti mmoja. Hajati alikuwa akinitafsiria pembeni, akaacha ghafla walipofika kwenye ubeti fulani, nami sikumlazimisha. Vijana wa mtaa walikuwa wamefukia mashimo ya barabara kwa moramu asubuhi ili magari ya maharusi yapite, na wakubwa walikubaliana kwamba bila harusi mashimo yale yangesubiri mwaka mwingine.

Jumapili, 3 Machi. Bombo hadi Gulu

Basi, joto, Luweero, magunia ya mkaa ya Nakasongola, mto Kafu ukiwa mwembamba, nyani wa Karuma wakiomba ndizi karibu na bwawa la umeme la megawati 600. Baada ya Nile nyasi zilikuwa zimeungua pande zote mbili, nyeusi hadi upeo wa macho. Nilifika Gulu usiku, nikalala.

Jumatatu, 4 Machi, na Jumanne, 5 Machi. Kijiji karibu na Gulu

Niliwahi kufanya kazi huku wakati watu walipokuwa wakirudi kutoka kambini. Vita vya kaskazini viliwafungia watu kambini kwa miaka, visima vikachimbwa humo kambini, na amani iliporudi baada ya 2006 watu walikwenda makwao wakiviacha visima nyuma. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta pampu tatu mahali penye maduka mawili, na kijiji cha kaya 80 chenye pampu moja. Kijiji nilichokwenda kiko katika hali hiyo ya pili, na pampu yake ilikuwa imenyamaza tangu Januari.

Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa awak. Hivyo ndivyo Waacholi wanavyoita kazi ya shamba inayofanywa na kundi zima kwa mmoja wao, kisha mwenye shamba huwapa chakula na pombe ya kienyeji. Walikuwa zaidi ya 20 katika mstari mmoja, wanaume kwa wanawake, wakiliandaa shamba la mjane kabla ya mvua ya kwanza. Ardhi ilikuwa ngumu hivi kwamba majembe yalilia kama yanagonga chuma. Mstari huo una adabu yake: hakuna anayetangulia sana kwa kujionyesha, anayechoka hufunikwa na jirani zake wawili, na wimbo hupunguzwa mwendo akiwapo mzee. Kufikia saa nne jua lilikuwa limekatisha kazi, watu wakahamia chini ya mti, na hapo ndipo wakaniuliza kuhusu pampu.

Ilikuwa ya aina tunayoiita U2. Tuliinua kichwa chake, tukavuta fito na mabomba kwa mikono ya watu sita, moja baada ya jingine, na jibu lilionekana tulipofika bomba la tano: kutu ilikuwa imelitoboa tundu la kidole, na vikombe vya raba vya silinda vilikuwa vimelika hadi vinang'aa. Maji yenye asidi hula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, na fundi aliyeyafunga alilijua hilo au alipaswa kulijua. Lakini ugonjwa mkubwa zaidi haukuwa chini ya ardhi. Kila kaya ilikuwa ikichanga shilingi 1,000 kwa mwezi, na fedha hizo, zilipohitajika, hazikuonekana. Aliyezishika alisema alizikopa kwa ajili ya hospitali. Nadhani alisema kweli. Kikao kilidumu saa tatu, hakuna aliyemtukana, akapewa tarehe ya kulipa baada ya mavuno, na kisha ukatolewa uamuzi ambao ningependa kuuona kila mahali: fedha za pampu zikae kwenye kisanduku cha kikundi cha akiba cha wanawake, ambacho tayari kina kufuli na daftari, badala ya kukaa katika mfuko wa mtu mmoja. Bomba na raba zilinunuliwa mjini jioni hiyo kwa mchango wa papo hapo, na aliyekopa alitoa kuku.

Jumanne mchana tulimaliza. Tulisubiri nusu saa bila kuigusa, kisha msichana mmoja akaupiga mpini, na maji yakatoka kabla ya pigo la tano. Hicho ndicho kipimo: yakichelewa kuliko hapo, mabomba yanavuja mahali fulani. Foleni ya jerikeni za njano ilikuwa imeshapangwa tangu alfajiri, kila moja ikiwa na jiwe au tawi la kumtambulisha mwenyewe.

Usiku tulikaa kwenye wang oo, moto wa uani ambao wakubwa huutumia kuwafundisha watoto. Mzee mmoja alisimulia kwa Kiacholi kisa cha sungura na kisima, na mwanawe akanitafsiria kwa Kiswahili alichojifunza jeshini. Nilikijua kisa hicho tangu utoto wangu wa Busia, ila kwetu sungura hushikwa kwa ulimbo, na kwao alitoroka.

Jumatano, 6 Machi. Gulu hadi Arua

Njia ya Anaka na Olwiyo ina lami nzuri. Karibu na Pakwach tembo wanne walikuwa mita chache kutoka barabarani, wakijipaka vumbi, na dereva alisimamisha gari bila kuombwa. Pale Pakwach, kwenye daraja, abiria walinunua samaki wa kukaushwa, nami nikatazama ile reli inayoishia hapo baada ya kuanzia Tororo, karibu na kwetu.

Alhamisi, 7 Machi. Arua

Mjukuu wangu ana siku kumi na tisa na hana habari na mtu.

Arua ni mji ambao Kilugbara, Kinubi, Kiswahili, Kilingala na Kiarabu cha Juba husikika kwenye foleni moja ya unga. Kesho ni Siku ya Wanawake, ambayo Uganda ni sikukuu ya kitaifa, na uani kwa binti yangu wanawake wa mtaa walifanya mazoezi ya maandamano kuanzia saa kumi jioni, wakiwa wamevaa vitenge vya aina moja na viatu vya aina zote. Palikuwa na mabishano marefu: je, watangulie waliozaa mwaka huu au wazee? Waliamua wazee watangulie mpaka jua litakapokuwa kali, kisha wabadilishane kwa kuwa wazee watakuwa wameshakaa kivulini. Nyuma ya nyumba kuna kitalu chao cha miche, mingi ikiwa ya misaji na miembe, iliyopangwa kwenye vifuko vyeusi na kumwagiliwa kwa maji yaliyooshea vyombo. Hawataipanda kesho hata kama mgeni rasmi atataka kupigwa picha, binti yangu alisema, kwa sababu mche ukipandwa ardhini kabla ya mvua hufa, na mwaka uliopita walikwishafanya kosa hilo.

Ijumaa, 8 Machi. Arua

Maandamano yalianza kwa kuchelewa saa moja na nusu. Hotuba zilikuwa nyingi. Wauguzi walipima shinikizo la damu chini ya mwembe, na foleni yao ilikuwa ndefu kuliko watu waliosikiliza hotuba. Timu ya wanawake wa sokoni iliwafunga walimu mabao mawili kwa moja na kuondoka na mbuzi. Mgeni rasmi aliomba mche, akapewa jembe na maelezo, naye akakubali kuuinua tu mbele ya kamera na kuurudisha kivulini.

Saa mbili usiku simu ililia kutoka Busia. Alikuwa bibi yule wa kikombe.

"Fundi, huku imenyesha. Tangu saa tisa, na bado."

"Ukuta?"

"Ukuta umesimama. Mtaro umepeleka maji kule tulikotaka. Bomba linatoa maji safi, nimeyaweka kwenye gilasi nikayatazama."

"Na nyasi?"

Akanyamaza kidogo. "Mbuzi wa mwenyekiti walizimaliza Jumatano."

Nimemwomba awaambie vijana wafunike udongo kwa majani ya migomba usiku huu huu, wayabane kwa mawe, na wamalize uzio kabla ya kupanda nyingine. Tiketi yangu ya basi ni ya Jumatatu asubuhi. Huku Arua nyota zimejaa, na wingu halipo hata moja.